Tenywa Anasikiliza Mashine

Ndugu yangu Tenywa hasomi tena bei.
Miaka kumi na tisa ya kuchomelea mageti ya watu pale Walukuba
kwa miwani ya jua ya shilingi elfu tano
ilimwachia ukungu, na ndani ya ukungu, vivuli.
Kwa hiyo mimi nikawa macho, yeye masikio,
tukaingia dukani tukiwa mtu mmoja.

Muuzaji akaanza na kubwa kuliko zote:
ampea mia tatu, imeandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu.
"Hii, mama, itaunga hata reli."
Sina reli.
Nina mlango wa banda la kuku,
mguu wa kitanda unaolia usiku,
na baiskeli ya mwanangu
iliyovunjika shingo chini ya mikungu ya matoke.

Tenywa akainyanyua kwa mkono mmoja, akaguna:
"Mia tatu gani, nyepesi kama mkoba wa bi harusi?
Maandishi hayachomi chuma."

Pembeni ilikaa ile ya kizamani,
sanduku lililosukwa kwa mkono kule Katwe,
zito kama deni, laki mbili na nusu.
Waya zake, akaapa muuzaji, shaba tupu.
Tenywa akaomba msumari, akakwaruza.
"Niambie rangi."
Nikamwambia: nyeupe.
"Alumini," akasema,
na muuzaji ghafla akawa anatafuta daftari lake.

Na hata ingekuwa shaba!
Bwawa tunalo hapa hapa Jinja,
lakini umeme ukifika kwetu huwa umeshachoka.
Tungeiwasha ile, jirani yetu Kagoya angekula gizani,
na mita ingemeza uniti kama ng'ombe wa kiangazi anywavyo maji.

Ikabaki ndogo ya bluu, ampea mia na arobaini,
laki tatu na themanini, hairingi.
"Iwashe."
Feni ikavuma. Tenywa akainamisha kichwa
kama mkunga juu ya tumbo.
"Ipe kijiti cha mbili na nusu. Ipe chuma chenye kutu kidogo,
kama cha nyumbani."
Cheche zikaruka. Mimi nikageukia ukuta;
yeye hakugeuka, akasikiliza tu.
Mara ya kwanza ilikohoa, ikanata.
Mara ya pili ikatulia,
sauti ya kabalagala zikizama kwenye mafuta.
"Hiyo," akasema. "Hiyo ina subira."

Nilikuwa na laki nne na nusu, pesa za mahindi,
kila noti nimeihesabu mpaka imelainika.
"Malizia hiyo elfu sabini uchukue ya mia mbili," muuzaji akabembeleza,
"rahisi, mama, huvunja upishi."
Nikamtazama Tenywa.
Hakusema neno. Aliinua kidole
akagusa chini ya jicho lake.

Elfu sabini ikanunua barakoa ya kioo cheusi,
glavu za ngozi, na vijiti kilo moja.
Mashine ikifa kuna fundi, kuna mavuno mengine.
Jicho halina duka.

Jioni nikapiga mshono wangu wa kwanza, mlango wa banda.
Mavi ya kuku, kwenye banda la kuku.
Tenywa akaupapasa kwa dole gumba
akacheka mpaka akakaa chini.
"Saga. Rudia. Punguza moto.
Usiukimbize, wala usiusubiri."

Nikashusha barakoa. Dunia ikazimika,
kisha ndani ya weusi, nyota moja ya kijani
ikawa inatembea nilikoituma.

"Unaona pale chuma kinapoyeyuka?"
"Naona."
Akanyamaza. Kuku walikuwa wanagombania nafasi.
"Miaka yote ile," akasema, "mimi niliona mwanga tu.
Kukoje?"

Nikamwambia:
kidimbwi. Kidogo, Tenywa, kama cha kwato ya mbuzi.
Kinafuata mkono.