Mfupa wa Sikio

Lugha yangu imekosea, au imefanya mzaha:
humwita mbwa wa mwitu,
kana kwamba mbwa ndiye aliyetangulia
na huyu ni mtoto aliyetoroka nyumbani.
Namweleza Akulina Sleptsova. Hacheki.
Kwao jina halitajwi kabisa.
Babake, mfuga kulungu wa milima ya Verkhoyansk,
husema tu "mwenye mkia",
maana ukimwita kwa jina usiku wa baridi
huenda akadhani umemkaribisha.

Fuvu liliibuka ukingoni mwa Mto Yana
ardhi iliyoganda ilipoanza kulainika
kama siagi iliyosahauliwa mezani.
Wachimbaji walitaka pembe za mamothi.
Wakampata yeye:
manyoya yangali yameng'ang'ania shavu,
meno kamili,
pua imejaa matope ya miaka elfu thelathini na mbili.
Walimuuza kwa mapipa mawili ya mafuta ya boti
na mmoja wao, Prokopi, akaomba aongezewe chai.

Sasa yuko Yakutsk, ghorofa ya tatu.
Akulina amejifunga nyeupe tupu kama sanda,
glavu juu ya glavu, barakoa, miwani,
si kwamba anauogopa mzoga;
mzoga ndio wa kumwogopa yeye.
Chembe moja ya mate yake ikidondoka
ukoo wa mnyama utasomeka Sleptsova.

Hatoboi jino. Hatoboi taya.
Anautafuta mfupa wa sikio,
mdogo kuliko kokwa ya zambarau,
mgumu, mkaidi,
ambao vyote vikioza wenyewe huchelewa.
Keekee inalia.
Unga unaodondoka haujazi kijiko cha chumvi.

Na humo ndani, herufi nne:
A, C, G, T.
Alfabeti ya fukara,
lakini ndiyo iliyoandika mbio na njaa
na rangi ya jicho gizani.
Zimechakaa. Kwenye ncha za vipande vingi
C imegeuka T,
kama barua iliyolowa mvua ikasomeka vingine.
Kosa hilo ndilo analolishangilia.
"Kilicho kizima mno," ananiambia, "ni cha jana."

Wiki sita, ndipo mashine ikatema nasaba.
Nilitarajia mti.
Nilichoonyeshwa kinafanana na Yana yenyewe:
mto unagawanyika, unazunguka visiwa,
unakutana tena na maji uliyoyaacha.
Wa huku walizaa na wa kule, bara hadi bara,
simba wa mapangoni wakiisha,
mamothi wakiisha,
wao wakitembea tu.
Na mbwa?
Mbwa wana damu iliyo jirani na hawa wa mashariki,
jirani, si mlango mmoja.
Yule hasa aliyeusogelea moto
akakaa,
bado hatujamfukua.

Simu inalia. Ni babake; sauti inakatikakatika.
Msimu huu wameliwa kulungu kumi na mmoja,
na yule jike mweupe aliyebeba hema
tangu Akulina yuko shule.
"Umemuuliza?"
"Nani, baba?"
"Huyo mwenye mkia wako. Muulize tulimkosea nini."

Angeweza kumjibu kwa takwimu.
Skrini iko mbele yake, inang'aa, haina hatia.
Anasema, "Bado, baba. Bado namsoma."
Nyuma ya pumzi za mzee, kilomita mia tano,
Tuman anabweka,
mbwa wao, mkongwe, sikio moja limekatwa na baridi.
Anabweka kuelekea mlimani.
Kisha ananyamaza, kama anayesubiri zamu ya mwingine.

Mzee naye kanyamaza.
Akulina ameibana simu kichwani.
Ndani ya friji, kwenye kifuko chenye namba,
ule mfupa una tundu
upana wa sindano.