Kofia ya Euro Sita

Taavet, mtoto wa kaka yangu, ni mwaminifu.
Usicheke. Nimemwona kwa macho yangu hapa Tartu
akilipia muziki kila tarehe tano kama kodi ya nyumba,
akilipia filamu, hata zile anazosinzia katikati,
na juzi alitoa euro sita
kumnunulia shujaa wa gemu kofia.
Kofia! Ya manyoya ya mbweha asiyekuwapo,
kwa kichwa kisichosikia baridi.

Leo akachovya kijiko kwenye supu, akasema,
"Shangazi, kitabu chako nimekimaliza."
Nikafurahi kama mjinga.
"Ulikinunua wapi?"
"Kununua?" Akanitazama
kana kwamba nimeuliza bei ya ukungu.
"Nilitumiwa. Ni faili tu,
dogo kuliko picha moja ya paka."

Miaka saba, Taavet.
Saba, na mgongo huu, na miwani hii ya pili,
nikiwafuata wachimba mboji wa kaskazini
hadi nikajua kila koleo waliliitaje.
Yote hayo mepesi kuliko paka.

Akajitetea, wala hakukosa hoja:
filamu ina jeshi la watu, majina yao yanapanda
dakika nzima, unaona haya kuwaibia;
muziki, kuulipia ni rahisi kuliko kuuiba,
unabonyeza, basi;
lakini kitabu (akatafuta neno),
kitabu si watu huazimana?
Bibi je, hakuazimisha?

Hapo akanishika.

Maana mama yangu, enzi za Usovieti,
mapazia yamefungwa, redio inapiga kelele
ili jirani asisikie taipureta,
alinakili vitabu vilivyopigwa marufuku:
karatasi tano, kaboni nne katikati,
nakala ya tano hafifu kama pumzi kiooni.
Hakuna mwandishi aliyepata hata kopeki.
Tulipomzika walimwita jasiri,
nami nikaitikia, nikalia.

Basi nisimame wapi?
Mama aliwaibia wenye kufuli.
Huyu ananiibia mimi; sina kufuli,
nina bili ya umeme
na barua ya mchapishaji:
nakala mia mbili na kumi na mbili, mwaka mzima.

"Nimewatumia rafiki zangu kumi na mmoja,"
akasema, akidhani ananifariji.
"Leelo alilia pale farasi anapozama."

Kumi na mmoja.
Nikajikuta nawahesabu,
aliyeibiwa na mwenye tamaa, kwa vidole vilevile.

Akavaa koti. Mlangoni akageuka:
"Ukurasa wa mia na nne, shangazi.
Villem anakufa Jumanne,
halafu Alhamisi anakunywa kahawa."

Mhariri hakuliona.
Wale mia mbili na kumi na wawili, kimya.
Nikatafuta kalamu, nikaandika kiganjani: 104.
Kisha nikamtilia supu iliyobaki kwenye mkebe.
Hakuuliza bei.