Mwiko Kwanza

Miaka thelathini na moja nimekula kwa sindano
hapa Kadutu, ngazi chache chini ya soko,
mashine ya kukanyaga ikitafuna kitenge,
mvua ikitwanga bati, tope likiteremka na viatu vya watu.
Sindano naijua. Naijua ikivunjika,
naijua ikiingia kidoleni ikatokea upande wa pili,
nikamaliza pindo kwanza, ndipo nikalia.

Kwa hiyo daktari aliponiambia, "Mzee Cirhuza,
vidonge vimeshindwa, sasa ni sindano,"
nilicheka. Yeye hakucheka.

Nsimire alilia njia nzima hadi nyumbani.
Shangazi yake alianza insulini mwezi wa pili,
mwezi wa tano wakamzika.
"Ni hiyo sindano," alisema.
Sikumjibu kwamba sindano ilimkuta shangazi
ameshakwenda nusu ya safari.
Nilikuwa na kiu. Kiu ya kunywa ziwa lote hadi Idjwi,
na usiku kutoka nje mara saba, gizani.
Suruali niliyojishonea Pasaka
ilinizunguka kiunoni kama ya mtu mwingine.
Kidonda cha kisigino kilikuwa na miezi minne.
Uzi nilikuwa naupitisha kwa kubahatisha.

Nikachoma.

Sitasema uongo: kidonda kilifunga.
Si kwa siku moja; kilifunga kama mkaidi anavyofunga mlango,
kidogo kidogo, akichungulia.
Suruali ikarudi kuwa yangu.
Uzi ukaanza kuliona tundu tena.

Lakini umeme wetu ni mgeni asiyepiga hodi wala kuaga,
na friji ni ya jirani, na jirani ana mdomo.
Kichupa changu hulala ndani ya chungu,
chungu ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga,
Ansima akiunywesha maji asubuhi na jioni
kama mtoto wa mtu.
Na bei yake: magauni mawili, mikono na kola,
kila mwezi, wateja wawepo wasiwepo.

Na kuna ile Jumanne.
Nilichoma saa kumi na mbili asubuhi, kama nilivyoagizwa.
Mwenye sare za kwaya hakuja kulipa,
unga haukununuliwa. Saa nne nilikuwa natetemeka,
jasho la baridi mgongoni,
nikamwita Ansima kwa jina la mama yangu,
nikamwinulia mkasi mtu aliyesimama mlangoni,
na mlangoni palikuwa na koti limetundikwa.
Mtoto ana miaka kumi na mitatu.
Alikimbia kibandani kwa mama Feza, akakopa sukari,
akanisugulia kwenye fizi kwa kidole chake.

Sukari! Mbaya wangu wa miaka sita,
niliyemkataa hata kwenye chai ya matanga,
ndiye aliyeniita hadi nikageuka.

Tangu siku hiyo Nsimire hasemi "nilikuambia."
Afadhali angesema.
Hukiinua kichupa kwenye dirisha,
huhesabu mistari ya bomba kumpita muuguzi,
kisha hunitazama kama kitambaa cha ghali
kabla ya mkasi.
"Tuache?" aliniuliza mara moja.
Nilifikiria kiu. Nilifikiria lile koti.
Sikuwa na jibu la kumpa, nikampa mguu
aone kisigino.

Basi nina mwiko mmoja, na sikuupata kwa daktari.
Sichomi kwa saa. Sichomi kwa kengele ya kanisa.
Nakaa na bomba mkononi, fulana nimeipandisha,
nasikiliza jikoni.
Maji yakichemka, bado.
Unga ukimwagwa, bado.
Mpaka nisikie mwiko unagonga ubavu wa sufuria,
bugali ukikaza, pumzi ya Nsimire ikikaza nayo.

Ndipo ngozi ya tumbo naibana kwa vidole viwili,
kama pindo.