Arobaini za Ziada

Bila namba, alisema Tiziano, mama hawezi kukuajiri.
Yaani anaweza kuniita usiku nimgeuze ubavu,
anaweza kunitemea uji, kisha akanibusu kiganja,
ila kuniajiri, hapana.
Wala laini ya simu sitauziwa, wala chumba sitapangishwa,
wala mfamasia hatanipa risiti yenye jina.
Nenda ukachukue, akasema. Ni bure.
Akarudia, bure,
kama mtu anayejishangaa mwenyewe.

Nilifika saa moja na nusu asubuhi, Piacenza,
ukungu wa mto Po umewalalia watu mabegani.
Pasipoti, nakala ya pasipoti,
na fomu niliyoijaza mara mbili kwa kalamu nyeusi,
maana mara ya kwanza, penye mahali pa kuzaliwa,
niliandika: nyumbani.

Dirisha la tano. Bwana Ghezzi,
miwani imefungwa kwa uzi, vidole vinanuka chungwa.
Foleni ndefu, lakini alinionyesha
jinsi mtu anavyochemshwa mpaka akawa namba.
Kwanza ukoo, Botnaru.
Akachukua B, akachukua T, akachukua N,
irabu akaziacha pembeni ya sahani kama miiba ya samaki.
Nikamwambia, hizo ndizo tunazoitia watu.
Mama akisimama kizingitini, giza linaingia,
bata hawaonekani na mimi sionekani,
haiti konsonanti.

Kisha jina, Axenia.
X. N. Akakwama.
Ikabidi arudi nyuma akaokote A moja.
Una bahati, akasema, lako limebaki na pumzi.

Mwaka, sabini na tisa.
Mwezi wa tatu, C.
Siku: nimezaliwa tarehe tisa,
yeye akaandika arobaini na tisa.
Nikaweka kidole kwenye kioo. Umekosea, baba.
Hakukosea.
Mwanamke huongezewa arobaini,
ndivyo mashine inavyomtambua.

Arobaini za nini?
Za mwizi ndizo arobaini, na mimi sijaiba kitu.
Au ni zile alizokaa mama ndani, mimi kichanga,
asiguse kisima, asikanyage kanisa?
Au zile tulizomhesabia baba kwa mkate na mishumaa,
ya thelathini na nane mvua, ya thelathini na tisa mvua?
Sikuuliza. Nyuma yangu foleni ilikuwa inakohoa.

Halafu Z na tarakimu tatu:
mizabibu, matope ya Machi, shangazi zangu wote saba,
nchi nzima imeenea kwenye moja, nne, sufuri.
Na mwisho kabisa, M.
M ya mama?
Ya hesabu tu, akasema. Inazijumlisha zile kumi na tano
ione kama kuna mojawapo inadanganya.
Nikaipenda hiyo M.

Nilirudi kwa miguu, karatasi kifuani, chini ya sweta.

Bibi Ersilia alikuwa ameketi kitandani.
Jumapili alimwuliza mwanawe, wewe fundi wa bomba?
Leo hakumbuki kama amekula.
Nikamwonyesha karatasi, basi tu, kwa furaha,
kama mtu anavyomwonyesha paka kiatu kipya.
Akaitazama sana.
Kisha akafungua kinywa akaitoa ya kwake,
herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu,
kumi na sita, bila kujikwaa,
kwa sauti ya msichana aliyesimamishwa mbele ya darasa.
Jikoni, Tiziano alizima maji yaliyokuwa yakitiririka.

Sitini na mbili, akarudia bibi, amenyoosha kidole.
Mimi ni wa tarehe ishirini na mbili.
Akakishusha kidole kwenye arobaini na tisa yangu,
akakiacha pale.
Na wewe walikuongezea?
Na mimi, bibi.

Akavuta shuka, akasogea ukutani
nipate pa kukaa.