Tetri Kumi

Lifti ya jengo letu hapa Tbilisi ilikula sarafu.
Tetri kumi kupanda, kushuka bure,
na Otari wangu, wa miaka saba,
ndiye mlipaji wa orofa zote nane:
hutia sarafu, huinamisha sikio,
husubiri ile *ting'*,
ndipo dunia huruhusiwa kwenda juu.

Jumanne moja ya Februari wakaja mafundi,
wakang'oa kisanduku, wakabandika kioo cha kadi.
Hakuna aliyemwambia.
Nani humwambia mtoto habari za kisanduku?

Akasimama na sarafu yake.
Akatafuta tundu. Akatafuta tena.
Kisha paji likaenda mlangoni,
chuma kikalia alivyotaka sarafu ilie,
mara moja, mara tatu, nikaacha kuhesabu.

Nikamshika kichwa, akajiuma mkono,
palepale penye sugu, palipozoea meno.
Nikapiga kelele: "Basi! Basi, Otari!"
na kelele yangu ikawa mlango wa pili
wa kujigonga.

Bibi Nazibrola, mama wa mume wangu,
akasema asiyefunzwa na mamaye,
akaniachia nimalizie.
Ulimwengu ulikuwa palepale, wa chuma, ukimfunza.
(Usiku nilimkuta jikoni, bibi,
akikata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.)

Alhamisi alikuja Mzia, theluji viatuni.
Hakumwuliza mtu mtoto ana nini.
Aliuliza: "Kabla yake, kulikuwa na nini?"

Kabla.
Mimi nilikuwa mtu wa baada:
barafu, bandeji, radhi kwa majirani.

Basi nikaandika, nyuma ya bili za gesi:
Jumatano, mashine ya kusaga juisi.
Ijumaa, soksi yenye mshono kidoleni.
Jumapili, wageni sita, wote wanabusu.
Na kila siku, baada ya chakula, shavu la kushoto,
ngumi, ngumi,
tukampeleka kwa daktari wa meno
akatoa jino lililooza hadi mzizini.
Mwezi mzima mtoto alikuwa akitupa habari.
Sisi tulisikia fujo.

Nilikaa garini na lile jino ndani ya pamba.
Mwanangu hakuwa akipigana nami.
Alikosa neno, akaazima mfupa.

"Usimfunge mikono," Mzia alisema, "wala usimhutubie.
Zima taa ya ngazi. Watu wapite.
Weka kiganja chako kati ya paji na chuma,
kisha nyamaza, hata ukiumia."
Niliumia. Kidole cha kati bado hakikunji vizuri.

Akamchorea picha: lifti, mstari mwekundu juu yake.
Otari aliitafuna ya kwanza.
Ya pili akaitupa dirishani.
Ya tano aliichukua, akaitazama,
akanigusa nayo begani, mara mbili, kama anayebisha hodi.

Siku hizi kopo la kahawa limening'inia kando ya lifti,
nimelitoboa kwa bisibisi.
Otari hutia sarafu, *ting'*, nami hugusisha kadi.
Majirani wameshazoea. Mzee wa orofa ya tatu
naye hutia, anadai ni kwa ajili ya bahati.

Sisemi amepona; hii si homa.
Juzi umeme ulikatika tukiwa sakafu ya chini,
kopo likalia na mlango ukakataa.
Nikaona mabega yakipanda,
nikaona shingo ikirudi nyuma kama nyundo,
na mimi nina mifuko ya viazi mikono yote miwili.

Akaushika mkono wangu wa kulia.
Akafungua vidole, kimoja kimoja, viazi vikabingirika ngazini.
Akakiweka kiganja changu mlangoni, mahali pake,
akakisawazisha,
kisha akagonga.

Taratibu kuliko jana.
Akasubiri.
Akagonga tena.