Tone Limefika

Babu yangu Sjoerd alikuwa mlinzi wa maji.
Huko Friesland, kwenye ardhi iliyolala chini ya usawa wa bahari,
aliishi ubavuni mwa jumba la pampu,
na mvua ikinyesha siku tatu mfululizo
hakuvua viatu hata kitandani.
Magurudumu yake yalikuwa marefu kuliko mlango wa kanisa.
Yalimeza ziwa, yakalitema ng'ambo ya tuta,
na ng'ombe wa watu wakaamka kwato kavu.

Pampu yangu inakaa juu ya ukucha.
Niko Enschede, ghorofa ya pili, chumba kisicho na dirisha,
Jumanne, saa nne usiku,
na kazi niliyoajiriwa ni kusukuma tone moja la damu
umbali wa sentimita tatu.
Sentimita tatu, basi.
Mama akinipigia simu huuliza: "Halijafika tu?"

Kigae cha kauri, chembamba kama ganda la yai,
kimegandishwa juu ya utando.
Ukikipa umeme kinajikunja, ukiuondoa kinajinyoosha,
kunja, nyoosha, kunja, nyoosha, mara mia kwa sekunde,
na kila kikunjo kinasogeza maji
hatua ya sisimizi, tena ya mguu wake mmoja.

Lakini kigae kina makuu.
Kinataka volti mia mbili na hamsini,
nami mkononi nina betri ya volti tano.
Basi naijaza koili, naikatia ghafla:
inashtuka, inarusha hasira yake juu,
kapasita inaidaka kabla haijapoa.
Najaza, nakata, nadaka.
Hasira ndogo ndogo zinapandiana mabegani
hadi zifike.
Mkondo wenyewe ni mwembamba, hauwashi hata taa ya baiskeli;
jana, hata hivyo, ulinichapa kidole gumba
nikatukana kwa Kifrisia,
na Delshad, mkemia asiyejua neno la lugha yetu,
alielewa lote.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Kwa mwendo wangu kibaba kingejaa baada ya miaka minne,
na hakuna mwenye kiu ya kungoja hivyo.
Sijazi mimi.
Nasogeza.

Mwanzoni nilikipa umeme wa pembe kali:
washa! zima! washa! zima!
Kigae kikalia kama nzi ndani ya chupa
na kishindo kikazaa kiputo.
Kimoja tu. Hewa tupu.
Kikajibana kwenye kona ya mfereji,
utando ukakibonyeza, kikabonyea,
ukakiachia, kikavimba tena,
na tone likabaki pale pale.
Pampu inafanya kazi. Maji hayaendi.
Nimewahi kuajiriwa ofisi ya namna hiyo.

Delshad ameshatoboa vidole vinne kwa ajili yangu.
Wa tano aliutoa bila kunitazama,
kisha akalala kitini, plasta mkononi, mdomo wazi.

Ndipo nikauona mkono wa babu juu ya vali,
sigara imezimika midomoni,
akiizungusha robo, akingoja,
robo nyingine, akingoja.
Nikaliondolea wimbi pembe zake.
Nikalifanya lipande polepole, lishuke polepole,
mara arobaini badala ya mia.
Kigae kikanyamaza. Nilidhani kimekufa.

Saa sita kasoro dakika tisa, chini ya darubini,
kiputo kikatingishika, kikateleza, kikatoka.
Nyuma yake utepe mwekundu,
mwembamba hata nikaogopa kupumua,
ukakata kona ya kwanza,
ukasita,
ukakata ya pili.

Sikumwamsha Delshad.
Nje kulikuwa na mvua; huku mashariki ardhi imeinuka,
lakini kule kwetu mitaro ilikuwa inajaa
na mtu fulani hajavua viatu.
Nikamwandikia mama: "Tone limefika."
Akajibu papo hapo, kumbe hakuwa amelala:
"Lipi?"