Mgeni Njoo

Miaka minne nimekuwa bawabu.
Nafungua mlango wa benchi, wanatoka wakipumua mvuke,
nafunga. Nafungua. Nafunga.
Chupa za maji nazijua kwa alama za meno.
Kwenye orodha mimi ni Tuominen, kipa, thelathini na moja;
mama yangu, kule Michigan ya kaskazini, kila Jumapili huuliza
kama nimeanza kucheza au bado naangalia.

Chuo kilitupandisha ndege siku mbili baada ya Krismasi.
Mechi ya kwanza, karibu na Vienna, tulifungwa saba.
Ya pili tulitoka sare, tukapongezana kama waliooa.
Ya tatu ikatupeleka Brezno, mji wa Slovakia
uliobanwa na milima kama kidole mlangoni;
basi likapanda kwa gia ya pili,
na Pelletier, nahodha wetu, akatapika kwa adabu
ndani ya kofia ya mtu mwingine.

Uwanja wao una paa la bati.
Anayeendesha mashine ya kulainisha barafu ni mwalimu wa fizikia.
Supu ya kabeji ilitungoja, na mkate mweusi,
na Bi Ľudmila aliyesimama kututazama tukila
kama mtu anayehesabu deni likilipwa.

Ndipo akaja kocha wao, Vendelín, kofia mkononi.
Kipa wake, Radoslav, ana homa, yuko kitandani anaweweseka.
Kipa wa pili anaoa. Leo. Saa tisa.
Tiketi mia nne zimekwisha kuuzwa.
Aliyasema haya kwa mikono zaidi ya mdomo.
Kocha wetu akageuka polepole,
macho yake yakaruka vichwa vyote, yakatua kwangu
kama nzi aliyekwisha kuchagua kidonda.

Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone,
hawakusema mgeni ataazimwa kama ngazi.

Jezi ya Radoslav ilinibana mabegani,
ilinuka dawa ya kuchua.
Jina lake mgongoni, jasho langu kifuani.

Wakanijia, ndugu zangu, niliowafungulia miaka minne,
na hapo nikagundua jambo: nawajua.
Lindahl hupenda juu, upande wa glavu.
Beaudry hulamba mdomo akitaka kutoa pasi.
Pelletier hushusha bega la kushoto kabla ya kupiga.
Aliyewekwa benchi hana kazi ila kuona,
na macho hayajui kukaa bure.
Kisahani kikaja, nikakidaka. Kikaja, nikakizuia kwa goti.
Barafu ililia chini ya visu vyao kama shuka linalochanwa,
na watu mia nne wakaanza kuita jina, si langu:
Rado! Rado!
Nikaitika.

Dakika mbili zimebaki. Mbili kwa moja, tunaongoza
(nasema tunaongoza, na ulimi haujikwai),
Pelletier akachomoka peke yake.
Bega la kushoto likashuka.
Nikaenda ninakokujua.
Akacheka, akapitisha kwingine,
taratibu, kama mtu anayerudisha funguo.
Kumbe miaka yote ile
naye alikuwa akiniona pale mlangoni.

Mbili kwa mbili. Mwalimu wa fizikia akazima taa;
kesho ana mitihani ya kusahihisha.
Bi Ľudmila akanishika mkono kwenye ngazi,
akaonyesha jezi, kisha kifua chake, kisha mlimani
kwenye dirisha moja lenye mwanga. Mama yake.
Nikaivua pale pale, kwenye baridi.
Hakuifua, hakuikunja.
Aliiweka chini ya koti ikiwa bado na joto, akaondoka mbio.

Kama mwenyeji alipona, sijui. Basi liliondoka alfajiri.

Jioni, Zvolen, nilikuwa mlangoni tena.
Pelletier alipotoka alinigonga kofia kwa gongo, mara moja,
bila kunitazama.
Nikafunga.